Nani Amemfunga Mbwa?

Sisi wa Mtera tunalijua tangazo la matengenezo kinga kama Watanzania wengine wote. Umeme utakatika saa tatu asubuhi, utarudi saa kumi na moja jioni, maeneo ni haya, samahani kwa usumbufu. Mgeni hushangaa kidogo. Bwawa si hili hapa? Mitambo miwili ya megawati 40 kila mmoja si ipo tangu 1988? Ipo, lakini hata mitambo inahitaji mkono wa fundi. Mimi binafsi nikiambiwa mapema sina shida. Ninachokichukia ni giza lisilo na taarifa.

Nimeliwaza sana tangazo hilo kwa sababu na mimi kazi yangu ni kuandika matangazo ya aina hiyo, ila siwaandikii watu. Naiandikia mashine.

Nafanya kazi ya kompyuta Dodoma mjini. Tuna programu inayofuatilia seva za wateja usiku na mchana. Ikiona seva imezimika au diski inakaribia kujaa, inanitumia arifa kwenye simu, na simu inalia mpaka niamke. Sasa kama tumepanga kuizima seva wenyewe ili tubadilishe kifaa, kelele ya nini? Unaingia kwenye programu, unataja seva, unaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ndani ya muda huo arifa zinanyamaza. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini ndani ya dakika hizo mbili kuna swali ambalo silimalizi: ni nani mwenye haki ya kumnyamazisha mlinzi, na mpaka lini?

Nianze na utetezi, maana upo. King'ora kinacholia kwa jambo ambalo kila mtu analijua kinawafundisha watu ukiziwi. Tuliokulia vijijini tulionywa kuhusu mtoto anayepiga yowe la chui wakati chui hayupo: siku chui akija kweli, hatoki mtu. Kwa hiyo kunyamazisha arifa wakati wa matengenezo si udanganyifu. Ni kuilinda heshima ya yowe. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi unaanzia kwenye saa ya kumaliza.

Usiku mmoja nilikuwa na kazi ya saa mbili, kuanzia saa nne usiku. Nilipofika pale pa kumaliza, badala ya saa sita usiku nikaandika saa kumi na mbili asubuhi. Nikajiambia, huwezi jua, kazi inaweza kuchelewa. Ukweli ni kwamba nilitaka kulala. Tena badala ya kutaja seva moja niliyokuwa naigusa, nikachagua kundi zima, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Kazi iliisha mapema, nikalala fofofo. Saa nane usiku diski ya seva nyingine ya kundi hilo ikajaa, na mfumo wa duka moja la dawa ukasimama. Programu iliona. Haikusema, kwa sababu mimi niliiambia isiseme.

Asubuhi yake alifika bibi mmoja kuchukua dawa ya presha. Alikuwa ametoka kijijini kwa basi. Akaambiwa, "Mfumo uko chini, bibi, rudi kesho." Nilisimuliwa baadaye na muuzaji, tena kwa kicheko, kama kisa cha kila siku. Sijui kama bibi alirudi.

Mwisho wa mwezi nikatoa ripoti. Tulivyoipanga, saa zilizo ndani ya muda wa matengenezo hazihesabiwi kuwa hitilafu. Ripoti ilikuwa safi kabisa. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Nilipokwenda nyumbani nilimkuta mjomba wangu ameketi chini ya mti anashona nyavu. Siku ya kushona nyavu haendi majini, na wanaomtegemea kwa perege anawaambia tangu jana yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona uso hivyo?"

Nikamweleza, nikirahisisha mambo ya seva. Alisikiliza bila kuacha sindano.

"Kwa hiyo ulimfunga mbwa."

"Ndiyo, mjomba."

"Mbwa anafungwa wageni wakija, hakuna ubaya. Ila wageni wakishaondoka, aliyemfunga ndiye anayemfungua, kabla hajalala. Wewe ulimfunga ili ulale. Fisi anajua kalenda yako?"

Sikuwa na jibu.

Baadaye nilikumbuka habari ya Piper Alpha, jukwaa la mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini lililoungua tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167. Pampu moja ilikuwa kwenye matengenezo, vali yake ya usalama imeondolewa, na habari hiyo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Wakaiwasha. Pampu za maji ya kuzimia moto nazo zilikuwa zimezuiwa zisijiwashe zenyewe, kwa ajili ya usalama wa wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi majini siku zile. Moto ulipolipuka, hazikujiwasha. Ukitazama vizuri, kila kimya pale kilikuwa na sababu nzuri. Kuwalinda wapiga mbizi ni jambo jema. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba kimya hakizidi kazi yake.

Programu zenyewe zinatupa nafasi ya kuchagua. Zabbix, kwa mfano, inakuuliza unataka matengenezo ya aina gani: yale ambayo taarifa zinaendelea kukusanywa na arifa tu ndizo zinazozuiwa, au yale ambayo hata taarifa hazikusanywi. Ni kama kumuuliza mtu, unataka anyamaze au afumbe macho? Ya kwanza naweza kuitetea mbele ya yule bibi, endapo muda ni mfupi. Ya pili inanitia hofu, kwa sababu hata kesho yake huwezi kujua ulichokikosa.

Siku hizi naandika jina langu kwenye kila muda wa matengenezo, na sababu yake. Nataja seva moja, ile ninayoigusa. Kazi ikiisha mapema naufuta muda uliobaki, hata kama macho yamekuwa mazito. Nikihitaji kulala, namwomba mwenzangu ashike zamu. Kupumzika si dhambi. Kosa langu lilikuwa kuuita usingizi wangu matengenezo.

Ile ripoti sijaifuta. Bado ipo kwenye folda yake, safi kama ilivyokuwa.