Je, Mwenye Kukusanya Elimu Aweza Kuifungia?

Mtu aliyelima kwa jasho lake huweka nafaka ghalani, wala hapana amlaumuye akifunga mlango. Je, mtaalamu aliyekesha akikusanya hesabu za uchunguzi wake, naye ana haki hiyo?

Huko Ulaya alikuwako mtaalamu wa nyota, Tycho Brahe, mtu wa Denmark. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kabla ya kupatikana darubini, alipima kwa macho mahali pa nyota na sayari, usiku baada ya usiku, akaandika yote kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1600 alijiwa karibu na mji wa Prague na Johannes Kepler, hodari wa hesabu kuliko yeye, lakini macho yake mabovu. Kila mmoja alikuwa na kile alichokosa mwenziwe. Hata hivyo Tycho alimwonjesha tu: leo neno moja mezani wakati wa kula, kesho jingine. Alichelea asije akanyang'anywa sifa ya kazi yake. Mimi simcheki, maana hata sisi waalimu tunao wenzetu wafichao madaftari.

Tycho alikufa mwaka 1601. Kepler aliungama mwenyewe baadaye, katika barua, kwamba aliyachukua upesi maandiko yale, warithi wasipoangalia. Je, aliiba? Nadhani alikosa katika namna ya kuchukua. Lakini kwa hesabu zile za Mirihi alitambua kwamba sayari haizunguki jua kwa duara kamili, bali kwa duara lililobanwa kidogo, akatangaza katika kitabu mwaka 1609. Na jina la Tycho aliliandika katika anwani yenyewe ya kitabu. Kama zingalibaki sandukuni, sifa ya Tycho ingalipungua.

Walakini asidhani mtu kwamba lawama yote ni ya mwenye kuficha. Mwezi wa Novemba 2021 wataalamu wa Botswana na Afrika ya Kusini waligundua namna mpya ya kirusi cha Korona, iliyoitwa Omikroni. Hawakungoja, walitangaza habari zake upesi kwa ulimwengu wote. Kwa siku chache tu nchi nyingi, Uingereza na Marekani zikiwamo, zikawazuia wasafiri watokao kusini mwa Afrika. Habari zilipokewa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto mlango ukafungwa.

Basi mtaalamu aliyeyaona hayo akisita mara nyingine, tumwambie nini? Mimi ningemwomba atangaze tena, kwa ajili ya wagonjwa; lakini ningeona haya kumwomba kabla ya kuwauliza waliofunga milango kama walimpa hata shukrani.