Ubovu Usio na Kipande Kibovu

Swali la kale la dini na falsafa, kama ubaya ni kitu chenye kuwapo kwake au ni upungufu tu katika mpangilio wa vitu vilivyo vyema, kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano ya dhambi, maradhi na mauti. Lakini injini ya trekta la zamani linalowashwa kwa magneto hulileta swali hilo mahali ambapo laweza kupimwa kwa mkono. Magneto ni mtambo mdogo unaozalisha umeme wa cheche bila kutegemea betri: sumaku huzunguka karibu na koili, pointi, yaani vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, huukata mkondo ghafla, na mkatiko huo huzaa umeme wenye nguvu ya kuruka kwenye ncha ya plagi na kuwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda. Robert Bosch alitengeneza magneto yake ya kwanza ya injini mwaka 1887, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akakamilisha ile ya msongo mkubwa wa umeme, ambayo ndiyo aina iliyofungwa kwenye matrekta kama Fordson N, lililoanza kuundwa mwaka 1929.

Tanganyika ilipokea matrekta kwa wingi katika mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza kazi Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, na yale makubwa ya Caterpillar, ingawa yalikuwa ya dizeli, yaliamshwa na injini ndogo ya petroli yenye magneto yake. Usukumani plau la ng'ombe halikuondoka shambani, na matrekta yanayolima Simiyu siku hizi ni ya dizeli, yasiyo na plagi wala cheche. Hata hivyo kanuni ni ileile katika injini ndogo za petroli za kuvuta maji, ambazo mkulima wa Kiloleli au wa Bariadi anazifahamu vizuri, na kwa hiyo hoja inayofuata haihusu makumbusho.

Kinachoitwa taimingi ni uhusiano wa wakati kati ya cheche na mwendo wa pistoni. Injini ya mipigo minne huvuta, hubana, huwaka na kutoa moshi, na cheche hutakiwa kuruka mwishoni mwa mpigo wa kubana, kabla kidogo ya pistoni kufika kileleni, kwa kuwa mafuta huhitaji muda kidogo ili yawake yote. Cheche ikiwahi mno wakati wa kuwasha kwa mkono, pistoni husukumwa nyuma na hendeli huruka kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono. Ikichelewa, injini hupoteza nguvu na bomba la moshi hupata joto kupita kiasi.

Hali inayofundisha zaidi ni ile ya magneto iliyofunguliwa ili isafishwe, kisha ikarudishwa huku injini ikiwa imetofautiana nayo kwa mzunguko mmoja kamili wa kranki. Plagi ikitolewa na kulazwa juu ya chuma cha injini, cheche yake ni ya buluu na ina mlio. Pointi ni safi na mwanya wake ni sahihi, kondensa ni nzima, kabureta inapitisha mafuta, na silinda inabana. Kila kipande kikiulizwa peke yake kinajibu kwamba hakina kosa, na bado injini haiwaki, au hutema moto kupitia kabureta, kwa sababu cheche inaruka wakati moshi unatolewa. Fundi anayelijua jambo hili habadilishi kitu. Huziba tundu la plagi ya silinda ya kwanza kwa kidole gumba, huzungusha hendeli taratibu hadi hewa iliyobanwa ikisukume kidole, huendelea mpaka alama ya flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, ikae mahali pake, halafu huifunga magneto katika nafasi ambayo pointi ndiyo kwanza zinaanza kuachana.

Agostino wa Hippo (354–430), aliyewahi kuwafuata wafuasi wa Mani waliofundisha kuwa giza ni dola lenye nguvu zake, aliishia kushika kwamba ubaya hauna kiini chake wenyewe, bali ni kupungua kwa wema au kuvurugika kwa utaratibu. Na Ibn Sina (980–1037) alisema jambo linalokaribiana na hilo katika falsafa ya Kiislamu. Wengi huliona fundisho hilo kuwa hila ya maneno, kana kwamba linakana uchungu ulio wazi. Trekta lisilowaka linalitetea kwa nguvu: kuna hasara ya kweli, msimu wa kupanda pamba unapita, na wala hakuna kitu kibovu cha kung'oa na kutupa.

Yupo atakayepinga kwamba mara nyingine kipande kibovu kipo. Katika injini ndogo za pampu, flaiwili yenye sumaku hushikwa mahali pake na kipande chembamba cha chuma laini kiitwacho kii, na injini ikisimama kwa kishindo, kii hiyo hukatwa nusu, flaiwili ikasogea kiasi ambacho jicho halikioni, na taimingi ikapotea. Pingamizi hili ni la haki, lakini haliangushi hoja, kwa sababu kii iliyochubuka inadhuru kwa kuwa tu imeusogeza uhusiano. Flaiwili iliyosogea vivyo hivyo, hata ikishikwa na kii mpya kabisa, ingeleta ugonjwa uleule.

Uzito wa swali hili Usukumani haumo katika injini peke yake. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Azande, watu wa Afrika ya Kati, alieleza kwamba ghala linapowaangukia watu, Azande wanajua fika kuwa mchwa wamekula nguzo, ila wanauliza kwa nini limeanguka saa ileile watu wale walipokuwa chini yake. Ni swali la taimingi, na si la kijinga. Hatari huanza pale jibu linapotafutwa kama kitu kilichofichwa ndani ya mtu, yaani bulogi, uchawi kwa Kisukuma, kwa maana hapo ubaya unapewa mwili na anwani. Kanda hii imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma hiyo, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu tu, ambayo miaka mingi ya moshi wa jikoni inatosha kuyaeleza. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 haikuyazuia mauaji hayo, na ni vigumu sheria yoyote kuyazuia ikiwa inaacha bila kuguswa imani kwamba kila hasara lazima iwe na mwenyewe.

Hata hivyo fundisho la Agostino lina mpaka wake. Mkono uliovunjwa na hendeli unauma, na kumwambia mwenye mkono kwamba maumivu yake ni upungufu wa mpangilio ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza. Yeye anauliza kwa nini yeye, na kwa nini siku ile. Swali hilo anaweza kulipeleka kanisani, msikitini au kwa mizimu ya ukoo wake, na huenda asijibiwe maisha yake yote, ilhali anaendelea kuishi kati ya majirani walewale ambao uchunguzi wa injini umekwisha kuwaondolea tuhuma.