Picha ya Kabuga

Katika ofisi ya walimu ya shule mojawapo tunamofundisha ilikuwapo ukutani picha ya watu kumi na wawili waliosimama ukingoni mwa kilima, wakicheka. Nyuma yao vimetanda vilima vingine, kimoja nyuma ya kingine, mpaka macho yanapokomea kwenye ukungu. Sisi tumo katika picha hiyo. Ilipigwa Kabuga, pembeni mwa jiji la Kigali upande wa mashariki, mwaka 2017, mwaka ule ule ambao Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, baada ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Tulikwenda kuwaamkia wenzetu wanaoifundisha lugha hii huko, na kama ilivyo desturi ya wageni popote, mazungumzo yalipokwisha tuliomba tutembezwe.

Tulitembezwa vizuri. Kigali ni mji wa kupanda na kushuka, na mtu wa pwani kama sisi, aliyezoea njia ya tambarare, huumwa miguu kabla ya adhuhuri. Tulipanda Mlima Kigali, ambao kilele chake kimepita mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Tuliiona nyumba inayohifadhi kumbukumbu za Richard Kandt, Mjerumani aliyeweka kituo cha utawala hapo mwaka 1907. Tulipita Nyamirambo tukafurahi kusikia watu wakisalimiana kwa Kiswahili barabarani kana kwamba tumefika Ujiji. Tulikwenda pia Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Huko hakuna aliyeinua sauti. Tulivua kofia, tukaweka maua, tukatoka na nyuso zilizokunjamana. Kesho yake tukaenda Kabuga kupunga upepo, na huko ndiko tulikocheka.

Mwaka uliofuata, yaani 2018, habari zikatufikia kwamba huko Kabuga yamegunduliwa makaburi ya halaiki. Mashimo mengine yalikuwa chini ya nyumba ambazo watu walikuwa wakiishi, hata ikabidi zibomolewe ili kufukua. Kazi ile iliendelea kwa miezi mingi. Tarehe 4 Mei 2019, mabaki ya watu zaidi ya 84,000 yalizikwa kwa heshima Nyanza, wilayani Kicukiro. Na taarifa za wakati ule zilieleza kuwa walikuwapo majirani waliojua tangu mwanzo, wakanyamaza kwa miaka ishirini na minne.

Basi siku moja mwenzetu mmoja akaitungua ile picha, akaiweka mezani kifudifudi. Hakusema neno. Hapo ndipo ulipozuka mjadala ambao tungependa kuwashirikisha wasomaji wa jarida hili, maana tunaamini hauhusu picha moja tu. Je, mgeni ana haki ya kuistarehesha roho yake kwa kutazama nchi ambayo haijui imeficha nini? Na akishajua, furaha aliyoipata zamani inageuka kuwa kosa?

Wa kwanza kusema alishika njia ya wanasheria. Hatukujua, alisema, na asiyejua hana lawama. Hoja hii ina nguvu, wala hatuipingi, lakini inatuokoa sisi wa mwaka 2017 tu. Haiwasaidii walioendelea kuitazama picha hiyo ukutani mwaka 2019, wakati ambapo kila mmoja wetu alikuwa anajua.

Wa pili aliuliza: tukienda hivyo, tutacheka wapi? Ngome ya Yesu pale Mombasa ilizingirwa kutoka mwaka 1696 hadi 1698, watu wakafa humo kwa njaa, maradhi na risasi. Leo watoto wa shule wanakimbizana juu ya kuta zake, na sisi walimu ndio tunaowapeleka. Mkunazini, Unguja, wageni hupiga picha mahali palipokuwa soko la watumwa. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Watu walijaa kwenye mteremko wa mawe wa Kimihurura wakiwashangilia waendeshaji waliokuwa wakitweta. Nani angethubutu kumwambia mtoto aliyezaliwa pale kwamba asishangilie, kwa kuwa kilima kile nacho kilimwagikiwa damu?

Tulikaa na swali hili kwa muda. Wengine walijibu kwamba tofauti ni wakati: miaka mia tatu imeisafisha Mombasa, miaka thelathini haitoshi kuisafisha Kabuga. Sisi hatukuridhika. Wakati haufui kitu wenyewe. Tulivyoona sisi, tofauti iko kwa wanaongoja. Hakuna tena mtu anayepita chini ya kuta za Ngome ya Yesu akimtafuta ndugu yake. Kabuga, siku tuliyosimama pale, walikuwapo watu wa aina hiyo. Huenda tulipishana nao njiani tukawaamkia, wakatuitikia kwa adabu, wakaendelea na safari yao.

Hapa tunaomba ruhusa tutoke kidogo nje ya mada, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha na mazoea hayafichiki. Neno kutalii, ambalo siku hizi tunalitumia kwa mtu mwenye kamera shingoni, lilikuwa na maana ya kusoma kwa makini, kupitia kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kuzuru nako ni kwenda kwa heshima, na ndiyo maana twasema kuzuru kaburi. Kwa kipimo hiki Gisozi tulizuru. Kabuga hatukuzuru wala hatukutalii kwa ile maana ya kale, kwani hatukusoma kitu. Tuligeuza kurasa kuangalia picha.

Nadhari yetu ilipofika hapo tuliona kosa letu halikuwa kicheko. Tulikuwa tumeigawa nchi ya watu mafungu mawili: huku mahali pa huzuni, penye lango na saa za kufungua, na huko kwingine kote mahali pa kupunga upepo. Mgawanyo huo unamfaa sana mgeni. Akishatoka langoni amekwisha lipa deni lake, na jioni anaweza kuagiza mishikaki kwa moyo mweupe. Wenyeji hawana lango la namna hiyo.

Lakini tusimtwishe mgeni mzigo usio wake. Kuna watu waliokitazama kilima kile kila asubuhi, wanakijua, wakapanda juu yake maharage na kujenga nyumba, na jirani yao aliyefiwa akapita mlangoni bila kuambiwa neno. Macho yao yalikuwa makavu na nyuso zao zilikuwa za heshima kuliko zetu. Atakayetuambia kwamba adabu ya uso ndiyo kipimo cha uadilifu, atueleze kwanza habari ya watu hao.

Mwisho tulimwandikia mwalimu mmoja wa Kabuga, mama wa makamo, ambaye ndiye aliyetutembeza. Yumo katika picha ile, wa tatu kutoka kushoto, naye anacheka kuliko wote. Tulimwomba radhi, tukamweleza kwamba tumeitungua. Jibu lake lilichelewa, nalo lilikuwa fupi. Alituandikia kwamba mwaka ule wa 2017 yeye mwenyewe alikuwa hajui kaka yake amelala wapi, na kwamba alijua, sisi tusipojua, kuwa huenda ni karibu na pale tuliposimama. Alikuwa amecheka kwa sababu mmoja wetu aliteleza kwenye matope akaangukia mgomba. Tena akauliza kama ni haki watu wa mbali wamwondoe ukutani bila kumshauri.

Hatukuwa tumewaza jambo hilo. Katika mjadala wote tuliwasema wenyeji kana kwamba wako upande wa pili wa picha, kumbe mmoja wao alikuwa katikati yetu. Hatukumwuliza kama kaka yake alipatikana katika wale waliozikwa Nyanza. Yeye hakueleza, nasi tuliona si haki yetu kudodosa.

Picha imerudishwa ukutani. Tulipomwomba atuambie maneno ya kuandika chini yake, alijibu tuandike jina la mahali, mwaka, na majina ya watu wote kumi na wawili, nasi tukafanya hivyo kwa wino mweusi. Mwenzetu yule aliyeitungua amehamisha kiti chake, sasa anakaa akiwa ameipa mgongo, na hatujamwambia kitu.