Kinanda cha Bei Nafuu na Haki ya Sikio

Swali la kinanda kipi kinunuliwe huhesabiwa kuwa swali la dukani. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi huomba apunguziwe, na jambo huishia hapo. Nataka kudai kwamba kwa mtu anayetaka kutunga na kurekodi muziki nyumbani kwake, hasa akiwa Masasi au Newala, swali hilo ni la maadili kabla halijawa la fedha, na kwamba wengi wetu hulijibu pasipo kujua kuwa tumeulizwa.

Hata hivyo tuanze na fedha, kwa kuwa hazikwepeki. Katika uwanda wa Makonde fedha zina msimu wake. Huja na korosho, kuanzia Oktoba hivi, zinapopelekwa ghalani na kupigwa mnada kupitia vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi, TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Mwaka 2018, mnada ulipokwama, Serikali ilitangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuzisomba. Tuseme kinanda kinauzwa shilingi laki sita. Kwa bei hiyo ya 2018 ni zaidi ya kilo 180 za korosho, zilizopaliliwa, zilizopuliziwa dawa, zilizookotwa moja moja chini ya mikorosho. Kijana anayezitoa hizo kwa ajili ya muziki hafanyi mchezo. Asije mtu wa kisiwani, mwenye umeme wake na upepo wake wa bahari, akamhubiria kwamba heri angenunua ngoma.

Kwa kilo hizo anapata nini? Vinanda vya bei ya chini vya siku hizi, mfano Yamaha PSR-E273 au Casio CT-S200, vina vibonyezo 61, sauti zipatazo 400, na midundo mingi iliyotayarishwa kiwandani. Vyote viwili huweza kutumia betri sita ndogo, jambo ambalo mtu aliyezoea umeme kukatika hatalidharau. Vibonyezo vyake havihisi uzito wa kidole: ukigusa kwa upole au ukapiga kwa hasira, sauti hutoka ileile. Na ingawa watu huviita sintesaiza, kwa hakika sivyo. Sintesaiza humpa mtu malighafi ya sauti aifinyange mwenyewe, kama mchongaji apewavyo gogo la mpingo. Vinanda hivi ni rafu ya vinyago vilivyokwisha kuchongwa. Mnunuzi huvutwa na idadi. Sauti 400 zaonekana kuwa nyingi kuliko 40, na hakuna dukani wa kumwambia kwamba pengine atatumia tano.

Lakini kuna jambo lisiloandikwa kwenye boksi, nalo ndilo kiini cha hoja yangu. Kinanda hicho kimeigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawasawa. Wataalamu wa sauti, wakifuata kipimo alichokitoa Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885, huigawa oktava katika senti 1,200, na kila hatua ya kinanda huwa ni senti 100 kamili. Baina ya hatua moja na nyingine hakuna kitu. Ni kama ngazi, ambapo mtu hawezi kusimama katikati ya kidato na kidato. Mpango huu ni wa Ulaya. Una faida zake kubwa, ikiwamo ile ya kumwezesha mchezaji kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine bila ya kulinganisha upya ala yake. Si uovu. Ila ni uamuzi, na uliamuliwa na watu.

Sasa hebu tufikirie nyumba moja ya Newala. Bibi anaimba wimbo alioupokea kwa nyanya yake, na mjukuu anautafutia kinanda ili aurekodi. Sauti ya tatu ya wimbo ule haipo kwenye vibonyezo: kibonyezo hiki kiko juu yake kidogo, kile kiko chini yake kidogo. Mjukuu anarudia mara tatu, kisha anasema, “Bibi, unatoka nje ya kii.” Anasema kwa adabu, tena kwa mapenzi. Nauliza: amesema nini hasa? Hakusema kwamba bibi ameusahau wimbo, wala kwamba koo limechoka. Amesema kwamba bibi hakubaliani na kiwanda. Akamhukumu kwa sheria ambayo bibi hakupata kuisikia, iliyotungwa mahali asipopajua, ilhali yeye ndiye mwenye wimbo na kinanda ndicho mgeni. Na bibi, kwa kuwa ni mpole na anampenda mjukuu wake, mara ya nne anaipandisha sauti hadi ikutane na kibonyezo. Hapo wimbo umebadilika, na hakuna aliyekusudia ubadilike.

Udhalimu wa namna hii ni mdogo, na kwa sababu ya udogo wake hauna mshitaki. Hata hivyo wafaa kulinganishwa na kisa cha zamani zaidi cha mashine na nyimbo katika uwanda huohuo. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijazimika kabisa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipitia Lindi hadi Masasi, kisha akapanda Newala, akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Aliwarekodi Wayao, Wamakua na Wamakonde katika silinda za nta, na nyimbo zikasafirishwa kwenda Ujerumani. Safari ile ilikuwa ya kikoloni, na kitabu alichokitoa mwaka 1908 kina maneno mengi juu ya wenyeji ambayo leo yanaudhi. Hata hivyo fonografu yenyewe, pembe ile ya bati, haikumsahihisha mwimbaji hata mmoja. Ilipokea kilichopo: mtu akiimba baina ya vidato viwili, nta ilichora baina ya vidato viwili. Twaweza kusema, kwa mshangao kidogo, kwamba katika jambo hili moja chombo cha mkoloni kilikuwa na heshima kuliko kinanda ambacho mjukuu amekinunua kwa jasho lake.

Si uwanda wa Makonde pekee unaoguswa. Kusini mwa Msumbiji, Wachopi huzichonga timbila zao kwa kuigawa oktava katika hatua saba zilizo karibu sawa, yaani senti 171 hivi kila moja. Jaribu kuzipata kwenye ngazi ya senti mia mia. Wagogo wa Dodoma, ambao sifa yao ilienezwa duniani na marehemu Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003, hujenga nyimbo zao juu ya sauti zinazozaliwa kimaumbile kutoka katika sauti moja ya msingi. Ile ya saba huangukia senti 969, pahala ambapo kinanda kinasema 1,000. Na sisi wa visiwani tusijitie hamnazo. Taarabu yetu ilijengwa juu ya maqamu zenye robo za sauti, na kanuni ina vijiti vyake vidogo vya kuipandisha na kuishusha kila kamba. Lakini kodiani imekaa katika vikundi vyetu miaka mingi bila ya robo hizo, na baada yake kikaja kinanda cha umeme, kikaketi katikati ya jukwaa la taarabu ya kisasa. Ni wangapi kati ya vijana wetu ambao bado huisikia robo ya sauti kama sauti, wasiisikie kama kosa?

Msomaji atanijibu kwamba hakuna utamaduni usioguswa, na kwamba anayelilia usafi analilia kitu kisichopata kuwapo. Nakubali. Masasi yenyewe ni ushahidi. Misheni yake ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere wa UMCA pamoja na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka hapa Unguja wakatua Lindi na kutembea bara. Walifika na tenzi za Kiingereza zilizotiwa Kiswahili, na tangu siku hiyo masikio ya Masasi yamekuwa na ngazi mbili. Tena pale Masasi palitokea jaribio ambalo lafaa kutazamwa na kila anayependa maneno kama “kuchanganya” na “kuboresha”. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alikataa shauri la kulipiga jando marufuku. Alilitia ndani ya Kanisa: vijana wakatahiriwa kwa sala, chini ya mapadri, na mengi ya desturi yakaachwa yaendelee. Kwa wakati wake ulikuwa ujasiri, na aliyemdharau jirani yake asingeufanya. Lakini kipi kibaki na kipi kiondolewe, neno la mwisho lilikuwa la Kanisa. Upande wa unyago, ulioshikwa na wanawake wenyewe, mambo hayakunyooka kwa urahisi huo. Basi suala halikuwa mchanganyiko. Suala lilikuwa nani anashika kisu.

Ndiyo maana siwezi kumwambia kijana wa Newala aache kinanda. Ningekuwa naye nimeshika kisu.

Tena kuna kisa kinachoipinga hoja yangu kwa nguvu zaidi kuliko nadharia yoyote, nacho kilitokea Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990 vijana wa uswahilini, wakitoka katika ngoma za Wazaramo, walichukua vinanda vidogo vya Casio, vya aina ambayo kwingineko hununuliwa kwa watoto, wakavipitisha katika vipaza sauti vilivyochakaa mpaka vikapiga kelele kama nyuki waliochokozwa, wakavitia katikati ya ngoma. Huo ndio mchiriku. Kinanda hakikuwa na robo za sauti, hakikuhisi kidole, na hakikuwa na sifa yoyote ambayo mwenye duka angeitaja. Lakini mikononi mwao ngazi yenyewe iliharibika, na katika kuharibika kwake ikawa yao. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music lilitoa santuri yake, Bongo Hotheads, kwa kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na Wazungu waliosikiliza huenda hawakutambua kwamba wanarudishiwa bidhaa ya dukani.

Kisa cha Jamaika nacho kinafanana, ingawa njia yake ni ya kinyume. Mwaka 1985 Wayne Smith, katika studio ya King Jammy, aliimba juu ya mdundo uliokuwa umelala ndani ya kinanda cha Casio MT-40, mdundo wa kiwandani ambao kila mwenye kinanda hicho angeweza kuubonyeza, na rege ya kompyuta ikaanzia hapo. Baadaye ikajulikana kwamba mdundo ule ulitungwa na mwanamke wa Kijapani, Hiroko Okuda, ambaye alipokuwa mwanafunzi aliandika tasnifu yake juu ya rege. Kwa hiyo hata mdundo wa kiwandani si wa mashine. Una mtunzi, mwenye mapenzi yake na masikio yake, na unapoubonyeza unaketi na mgeni ambaye hukumwona akiingia.

Visa hivi viwili vinanilazimisha kuipunguza hoja yangu, wala siiondoi. Watu wa mchiriku walikishinda kinanda kwa sababu ngoma ilikuwapo kwanza, kwa wingi na kwa sauti kubwa, na kinanda kimoja kiliingia katika kikundi cha watu wanaojua wanachotaka. Nyumbani ni kinyume chake. Mtu yuko peke yake usiku, ana kinanda na simu ya kurekodia, na kinanda ndicho mwenzake pekee. Atalinganishwa nacho taratibu, kama mtoto anavyolinganishwa na lafudhi ya nyumba aliyolelewa. Muziki wa nyumbani, tunaousifu kwa uhuru wake, ndio wenye mashahidi wachache zaidi.

Basi akinunua, apime kwa kipimo kingine: ni kiasi gani cha maamuzi ya kiwanda anaweza kuyatengua kwa mkono wake? Kwa kipimo hiki Casio CT-S300 ina thamani kuliko ndugu yake CT-S200, hata kama sauti zilizomo ni zilezile, kwa kuwa vibonyezo vyake huhisi kidole na pembeni pana gurudumu dogo la kuipinda sauti, juu au chini, mpaka ikutane na ya bibi. Vile vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu, kama Yamaha PSR-A350 ya mwaka 2016, huruhusu kila sauti katika zile 12 ishushwe au ipandishwe peke yake. Korg monologue, iliyotolewa mwaka 2017, ni sintesaiza halisi. Ina vibonyezo 25 tu na hutoa sauti moja kwa wakati, haina spika, lakini hutumia betri, na mtu anaweza kuiandikia skeli yake mwenyewe. Mwenye kompyuta ya mtumba anaweza kupata bure programu ya Surge XT, inayokubali skeli ya watu wowote, akaiunganisha na kinanda chochote chenye MIDI. Na asiye na uwezo ila wa kile cha rahisi kabisa, hana dhambi. Atakuta ndani yake kitufe cha kukishusha au kukipandisha kinanda kizima kwa kiasi kidogo. Hakitabadilisha nafasi zilizoko baina ya sauti na sauti, ila angalau kinanda kitaanza pale bibi alipoanza.

Na vibonyezo ambavyo havikubaliani na wimbo, aviache. Hakuna sheria inayomlazimisha kuvipiga vyote 61. Aurekodi kwanza wimbo wa bibi mtupu, kwa simu, bila ya chombo chochote. Ndipo akae na kinanda chake atafute ni sauti ngapi zinazoweza kuusindikiza. Zikipatikana nne, apige nne. Penye ile ya tatu, ambayo kiwanda hakikuijua, anyamaze, amwachie bibi.