Mgeni Sebuleni, Mwenyeji Jikoni



Waswahili tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunausema msemo huu kila tunapomkaribisha mtu, lakini ni mara chache tunajiuliza maana yake. Mwenyeji anapona nini? Anapona upweke? Anapona njaa, kwa kuwa siku ya mgeni ndiyo siku ya kuku? Au anapona ule ugonjwa wa mtu aliyekaa ndani ya nyumba yake muda mrefu hata asiweze tena kuiona kama anavyoiona yule anayeingia leo? Sisi tunaoishi katika mji mmoja wa mashariki ya Marekani tumekuwa tukilizungumza sana swali hili, tangu majirani zetu wa sinagogi walipoanza kutualika katika klabu yao ya sinema.

Klabu yenyewe si jambo kubwa. Waumini wa sinagogi hilo hukutana mara moja kwa mwezi, leo kwa fulani, mwezi ujao kwa mwingine. Mwenye nyumba huchagua sinema na kupanga viti, wengine huja na chakula. Mara nyingi hukutana Jumamosi usiku Sabato ikishakwisha, kwa kuwa wenye kuishika Sabato sawasawa hawawashi umeme tangu jua linapotua siku ya Ijumaa mpaka nyota zionekane Jumamosi. Wakati wa baridi giza huingia mapema na sinema huanza mapema. Wakati wa joto usiku huchelewa, basi huhamia Jumapili.

Chakula nacho kina kanuni zake. Nguruwe hawamli, kama Waislamu wasivyomla. Nyama na maziwa havikai pamoja, na samaki ni lazima awe na mapezi na magamba. Tulipopeleka samaki wa kupaka tuliulizwa, kwa upole kabisa, kama lile tui ni maziwa. Tukaeleza kuwa ni nazi tupu. Wengi walikula wakaomba tena. Wawili watatu wenye kushika sheria kwa ukali zaidi, ambao huangalia hata sufuria iliyopikiwa, walichukua machungwa na karanga. Hakuna aliyeona haya, wala hakuna aliyenuna.

Kwa nini majumbani, na sinagogi lina ukumbi? Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inatofautisha kuonyesha sinema mbele ya umma, jambo linalohitaji kibali, na kuionyesha mbele ya jamaa wa nyumba moja na watu wao wa kawaida wa kujuana nao. Waliotunga sheria walikuwa wakifikiria biashara ya filamu. Hata hivyo, pasipo kukusudia, wameuliza swali ambalo wazee wetu wangelitambua mara moja: nani ni mtu wa nyumbani, na nani ni mpita njia?

Sababu ya pili ni ya zamani zaidi. Wayahudi wana desturi ya kusoma vitabu vyao vya dini wawili wawili, kila mmoja akimhoji mwenzake. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa majadiliano ya marabi wao, haikuhifadhi hukumu za walioshinda tu. Maneno ya walioshindwa nayo yamo. Kati ya mabishano mashuhuri zaidi humo ni yale ya wafuasi wa Hillel na wafuasi wa Shammai, yapata miaka elfu mbili iliyopita. Inasimuliwa kwamba sheria iliwafuata watu wa Hillel kwa sababu walikuwa wapole, na kwa sababu walikuwa wakitaja kwanza hoja za wapinzani wao kabla ya kutaja za kwao. Watu waliolelewa hivyo hawazimi televisheni na kwenda zao. Sinema ikiisha ndipo shughuli inapoanza.

Sisi hatukuzoea hivyo. Tunazo baraza zetu, na mabishano ya siasa na mpira tunayaweza mpaka alfajiri. Lakini baraza iko nje, kila mtu anaweza kuinuka na kuondoka. Sebuleni, mbele ya sahani ya mwenye nyumba, tumefunzwa kushukuru. Tumetazama pamoja sinema za Kihindi na za Bongo, na kanda za harusi ambazo bibi harusi wake sasa ana wajukuu. Tukacheka, tukalia, tukasema ahsanteni, kwaherini. Nani angemwuliza mwenyeji wake swali la kumchoma?

Mwanzoni mambo yalikuwa mepesi. Tulitazama Hester Street, sinema ya Joan Micklin Silver ya mwaka 1975, inayoeleza Wayahudi waliohamia New York mwishoni mwa karne ya 19. Mume ametangulia, amenyoa ndevu, amebadili jina, na mke anapowasili bandarini, mume anamwonea haya. Hapo hatukuhitaji mfasiri. Kila mmoja wetu anamjua bwana yule, na wengine tunajua hata anaishi mtaa gani.

Ugumu ulikuja na sinema nyingine, Nowhere in Africa, ya mwongozaji wa Kijerumani Caroline Link. Ilitoka mwaka 2001, na mwaka 2003 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Imetokana na kitabu ambacho Stefanie Zweig alikiandika kwa kufuata maisha yake mwenyewe ya utotoni. Walter Redlich, mwanasheria Myahudi, anaikimbia Ujerumani ya Hitler na kuwa msimamizi wa shamba nchini Kenya. Mwaka 1938 mkewe Jettel na binti yao Regina wanamfuata. Walter anapougua malaria anayemwuguza ni mpishi wake, Owuor, na Walter kwa shukrani anampa joho lake la uwakili. Owuor ndiye anayempokea mtoto na kumzoeza nchi ngeni. Anachezwa na Sidede Onyulo wa Kenya, na wanazungumza Kiswahili, hata katika chumba kile sisi tulikuwa tunacheka mwanzo, wenzetu wakifuata baada ya kusoma maandishi.

Taa zilipowashwa, mzee wetu mmoja aliomba kusema. Alianza na yale yaliyoipata familia ile. Alieleza jinsi milango ilivyofungwa, na hakuongeza chumvi, kwani historia inajulikana: Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi wa Kiyahudi, na karibu wote walieleza masikitiko yao kisha wakarudi makwao bila ya kufungua mlango. Akataja ndugu wa Walter na Jettel waliobaki nyuma wakauawa. Kisha akauliza. Alisema sinema imetuonyesha Owuor akiwa nyumbani kwa Redlich kuliko tulivyomwona nyumbani kwake. Nchi ile ilikuwa ya kina Owuor. Iweje basi katika hadithi ya wakimbizi waliopata pa kukaa, mwenyeji ndiye aliye jikoni?

Pakawa kimya. Mwenye nyumba ile alikuwa mama mtu mzima ambaye jamaa za mama yake hawakurudi kutoka Poland. Baadhi yetu tulitazama viatu vyetu.

Baada ya usiku ule tuligawanyika makundi mawili, na kila kundi lilikuwa na hoja.

La kwanza lilisema mzee amevunja adabu. Msibani hapapimwi machozi. Wayahudi milioni 6 waliuawa. Mtu aliyekuonyesha jeraha la namna hiyo humwambii kuwa na wewe una lako. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tena wako watu, na tunawajua, ambao hutaja dhuluma za ukoloni si kwa kumjali aliyedhulumiwa bali kwa kutaka kuyadogosha yaliyowafika Wayahudi. Ukisema maneno yanayofanana na yao, anayekusikia atajuaje kama humo katika kundi lao?

La pili lilisema kuwa kunyamaza nako kuna ubaya wake. Ukimficha mwenyeji fikra yako kwa kudhani hataweza kuistahimili, umemfanya mtoto. Na Owuor je? Aliyesahauliwa na serikali ya kikoloni, asahauliwe tena na sisi tunaosema lugha aliyoisema? Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa viongozi wa Kizayuni ardhi katika Afrika ya Mashariki, upande wa Uasin Gishu katika Kenya ya leo, pasipo kuwauliza Wamasai na Wanandi. Mkutano wa Kizayuni uliikataa ahadi hiyo mwaka 1905. Ardhi ikagawiwa walowezi wengine, na waliokuwa wakiishi pale hawakuulizwa mara hiyo pia. Aliyekuwa akijiita mwenyeji wa Kenya, akifungua mlango na kuufunga, alikuwa amekalia kiti cha mtu.

Tumepima hoja hizi mbili, na tunaona kwamba swali la mzee lilikuwa la haki, kwa sababu mbili.

Kwanza, mpango wa maneno yake. Alianza na msiba wa wenyeji, akausema kwa ukamilifu, wenyewe wakasikia kuwa ameuelewa. Ndipo akatia lake. Pasipo kujua, alifanya walivyofanya watu wa Hillel. Maneno yaleyale yangetangulizwa mbele, yangekuwa jiwe. Anayetaka kukuumiza hana subira ya kueleza maumivu yako vizuri kuliko ulivyoyaeleza mwenyewe. Hofu ya kundi la kwanza inajibiwa hapo, ingawa haimaliziki: lazima kila mara tujiulize tunamtaja Owuor kwa ajili ya Owuor au kwa ajili ya ugomvi wetu.

Ya pili ilijitokeza palepale sebuleni. Mama mwenye nyumba, baada ya kimya, alisema kwao siku zote walihesabu milango iliyofungwa, na yeye hakuwahi kuuliza ule uliofunguliwa ulikuwa mlango wa nani. Hakuomba radhi, na hapakuwa na sababu ya kuomba. Wakimbizi wale hawakuleta ukoloni. Alikuwa ameona kitu kipya katika hadithi aliyodhani anaijua. Kisha bwana mmoja katika waalikwa, kijana wa makamo, akatugeukia sisi. Akauliza kwa sauti ileile ya upole ya kuulizia tui: na kwenu pwani, jikoni alikuwa nani?

Hapo ndipo mizani ilipokamilika. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Jikoni mwa nyumba nyingi za zamani alikuwako mtu ambaye picha za ukoo hazina sura yake. Leo katika miji yetu yuko msichana wa kazi, ameletwa kutoka shamba kwa ahadi ya kusomeshwa, analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Na katika nchi za Ghuba wako dada zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za ndani, wengine katika nyumba ambazo mabibi wake wanasema Kiswahili cha Unguja. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwalinda watumishi wa majumbani mwaka 2011. Mwaka huo uko karibu sana na sisi kuliko ule wa 1938.

Kipimo, basi, tunadhani ni hiki. Swali unalomwuliza mwenyeji wako ni halali ikiwa uko tayari kuulizwa lilelile nyumbani kwako, na ukakaa ukalisikiliza mpaka mwisho. Asiye tayari bora anywe chai yake. Na aliye tayari asijidanganye kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Mwenyeji aliyekufungulia sebule yake, akakuonyesha yaliyowafika watu wake, amekupa sehemu ya nyumba ambayo wageni wengi hawaifiki. Ukitoka humo ukiwa umemwambia tu kwamba chakula kilikuwa kitamu, umeila karamu yake na kumwacha peke yake.

Tangu hapo wenzetu wa klabu wameuliza kama nasi tutaingia katika zamu ya kukaribisha. Tumekubali, na mabishano juu ya sinema ya kuonyesha hayajakwisha. Wako wanaotaka ya kuchekesha, ili watu wapumue. Wako wanaotaka inayohusu kwetu, hata ikiuma. Sahani tutanunua za karatasi, na matunda yatakuwa mengi kwa ajili ya wale wasiokula katika vyombo vya watu. Jambo moja limeshapita bila ya kupingwa: yeyote atakayepika siku hiyo, awe wa kulipwa au wa kujitolea, atawekewa kiti sebuleni kabla taa hazijazimwa, na zikiwashwa ndiye atakayeulizwa wa kwanza ameonaje.