Banda la Njiwa, Nyumba Isiyo na Kitasa

Banda la njiwa ni sanduku la mbao lenye vyumba vidogo, linalosimamishwa juu ya nguzo uani au kutundikwa ukutani chini ya upenu. Ng'ombe ana zizi, mbuzi hufungiwa kwa komeo, na kuku, ambao mkoa wa Singida unasifika kwao hadi Dar es Salaam, huingizwa ndani giza linapoanza. Mlango wa njiwa hukaa wazi. Asubuhi huruka aendako, jioni hurudi kwa hiari yake. Kazi ya anayemjengea ni moja: kumfanya apende kukaa.

Kazi huanzia kwenye mbao. Hakuna haja ya kukata mti, maana misitu ya Manyoni na Itigi mkoani Singida imekwisha kulipa gharama kubwa ya mkaa na kuni. Mabanzi na vipande vinavyobaki kwa fundi seremala vinatosha. Msonobari, unaoletwa kutoka Mufindi na Njombe, ni mwepesi na hupigika msumari bila kupasuka. Mninga ni mgumu na hudumu zaidi, ila bei yake ni ya juu. Mbao ya unene wa inchi moja inafaa kwa kuta, kwa sababu hukinga joto la mchana na baridi ya usiku wa Juni na Julai. Upande wa ndani haupakwi rangi, kwani njiwa hudonoa kila kitu.

Kila chumba huwa na upana, kimo na kina cha sentimita 30 hadi 40. Mlango wa sentimita 15 unatosha. Ukizidi hapo, upepo na maadui hupata njia. Mbele ya kila mlango huachwa kibao cha kutulia, na ndani ya chumba hupigiliwa papi ndogo kizingitini ili mayai yasibingirike nje. Jozi moja huhitaji vyumba viwili vilivyo jirani, kwa kuwa jike hutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajaondoka. Paa la bati huinamishwa nyuma na kutokeza mbele, ili mvua za Novemba hadi Aprili zisiingie. Chini ya bati huwekwa ubao, kwani bati tupu huwachoma makinda saa za adhuhuri.

Singida ni mkoa wa upepo, na upepo huo huvuma zaidi kutoka mashariki. Wazee waliojenga tembe, nyumba fupi ya paa bapa la udongo, waliujua vizuri. Banda nalo huupa upepo mgongo, na milango yake hutazama upande mwingine. Nguzo huwa na urefu wa mita mbili juu ya ardhi. Sehemu inayozikwa hupakwa oili chafu dhidi ya mchwa, na katikati ya nguzo huzungushiwa bati laini ili panya, nyoka na paka wateleze. Banda hutengwa na la kuku, kwa sababu kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima, huwapata njiwa pia na huweza kusafiri nao.

Njiwa wapya hufungiwa wiki mbili hadi nne, lakini mlango huzibwa kwa wavu na kamwe si kwa ubao. Kupitia wavu huo ndege huuona ua, mti, jua na watu wa pale, na akilini mwake mahali hapo huwa kwao. Wavu ukiondolewa, huruka, huzunguka na kurudi. Uwezo huo wa kurejea ni wa ajabu kiasi kwamba mwaka 1850 Paul Julius Reuter, mwanzilishi wa shirika la habari la Reuters, aliutumia kupeleka habari kati ya miji ya Aachen na Brussels huko Ulaya, mahali ambapo waya wa simu ya maandishi haukuwa umefika.

Ndani ya banda kuna malezi ya kupigiwa mfano. Jike hutaga mayai mawili, nayo huatamiwa kwa siku 17 au 18. Dume hukaa juu yake sehemu kubwa ya mchana, jike hupokea zamu jioni hadi asubuhi. Makinda wakianguliwa, baba na mama wote wawili huwalisha ute mweupe unaotengenezwa kooni mwao, kisha huwazoesha nafaka. Hakuna mzazi anayemwachia mwenzake mzigo.

Ufugaji huu una dhamana kwa majirani. Mtama, uwele na alizeti ni chakula cha njiwa na pia ni jasho la wakulima. Wakati wa kupanda, mfugaji mwungwana huwapa ndege wake chakula cha kutosha uani, pamoja na maji safi na changarawe laini ya kusagia nafaka tumboni, ili wasiende kufukua mbegu za wengine. Kinyesi hufagiliwa kila wiki, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu; kikioza vizuri huwa mbolea ya bustani.

Hesabu ya njiwa hufanywa jioni, nayo ndiyo hukumu ya kazi yote. Banda likivuja, likikosa maji au likiingiliwa na paka, ndege hawalalamiki. Huhamia kwa jirani. Kila nyumba yenye watoto nayo hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Vijana wa Singida huondoka kwenda Arusha, Mwanza na Dar es Salaam, na hakuna kitasa cha kuwazuia wala hakifai kuwepo. Mzazi anayetaka warudi na awajengee mapema, wakiwa bado wanachungulia nje kupitia wavu: sauti ya upole, haki kati ya ndugu, na baba na mama wanaopokezana zamu. Nyumba ya namna hiyo haihitaji komeo.