Kadi ya Chanjo Mlangoni mwa Shule

Wapo miongoni mwetu, nao ni watu wa nia njema, wasemao kwamba mtoto yeyote asiandikwe katika daftari la shule mpaka mzazi wake aonyeshe kadi ya chanjo; na watakapo ushahidi hutaja jirani zetu wa Uganda, ambao sheria yao ya chanjo ya mwaka 2017 imeifanya kadi hiyo kuwa sharti la kupokelewa mtoto katika shule za awali na za msingi, na imeweka adhabu kwa mzazi apuuzaye. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, kwa kuwa naishi Manono, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nawapenda watoto wa Manono, na rai niliyoifikia ni hii: shule na iulize habari za chanjo, tena iulize kwa bidii wala isione haya, lakini jibu litakalotolewa, liwalo lote, lisiwe sababu ya mtoto kurudishwa nyumbani.

Maradhi tunayoyasema si ya kusimuliwa kutoka mbali. Mwaka 2015 surua iliishika Katanga ya zamani, ikianzia upande wa Malemba-Nkulu; mwaka 2019 ikaenea katika majimbo yote 26 ya nchi, hata ilipofika Januari 2020 Shirika la Afya Duniani likahesabu zaidi ya watu 310,000 waliodhaniwa kuugua tangu mwaka 2019 uanze, na zaidi ya 6,000 waliokufa, wengi wao watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Mwaka 2022 polio, ambayo hustawi mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, iliwapoozesha watoto katika jimbo letu hili la Tanganyika. Naomba msomaji aitazame vema hesabu ya umri, maana ndani yake ndimo ilimo hoja yangu kubwa. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na shule ya msingi humpokea akiwa na miaka 6. Katika kitambo kilichoko baina ya nyakati hizo mbili ndipo surua hufanya kazi yake iliyo mbaya kuliko zote. Sharti liwekwalo mlangoni mwa shule, basi, humkuta mtoto aliyekwisha kuokoka; ndugu yake ambaye hakuokoka hana daftari la kuandikwa.

Fauka ya hayo, kadi ni karatasi, na karatasi haihimili yaliyotupata. Vita vya Watwa na Waluba vya miaka ya 2016 na 2017 viliteketeza vijiji vingi vya wilaya hii, watu wakakimbia na watoto mgongoni, wakakaa kambini chini ya vibanda vya nyasi. Mama mmoja aliyetoka upande wa Kiambi aliniambia kwa sauti ya upole, "Baba, kadi iliungua pamoja na nyumba, ningeokoa kadi au ningeokoa mtoto?" Mtoto wake huenda alichanjwa, huenda hakuchanjwa, lakini aliye sawa na yeye ndiye wa kwanza kuondolewa kwenye foleni siku ile sharti litakapotiwa nguvu, ilhali ndiye amhitajiye tabibu na mwalimu kuliko wote.

Kisha kuna insafu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 agizo hilo limeanza kutekelezwa. Dola iliyojitwika ahadi hiyo haiwezi kumdai mzazi kitu ambacho yenyewe haijamfikishia. Chanjo ya surua hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kijiji kisicho na jokofu la nguvu ya jua, wala mafuta, wala njia ipitikayo masika, hakina chanjo, hata kama mama zake wote wana hamu nayo. Ardhi ya Manono ilitoa bati kwa miaka mingi, na hata mitambo ya umeme ya Mpiana-Mwanga ilijengwa kwa ajili ya bati hiyo. Leo dunia nzima yaitazama kwa ajili ya lithiamu inayotiwa katika betri. Mji wenye utajiri wa namna hii unastahili kuona jokofu likifanya kazi katika kila kituo chake cha afya, na dhima hiyo ni ya wakubwa kabla ya kuwa ya mama wa kijijini.

Najua pia kwamba wako wazazi waikataao sindano kwa hofu. Tusiwaite wajinga. Katika Kongo ya Wabelgiji, zama za kupigana na malale, mtu alitakiwa kuwa na hati ya tabibu ndipo aruhusiwe kusafiri, na aghalabu sindano ilikuja pamoja na amri na askari. Kumbukumbu za namna hiyo hurithiwa. Hofu humfika hata aliye karibu na dawa: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia, aliyekuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, mwezi wa Oktoba 1977, hakuwa amechanjwa kwa kuiogopa sindano, akapona, na baadaye akazunguka kuwashawishi wazazi wenzake juu ya chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyomfika, mpaka alipofariki mwaka 2013. Mtu huyo alisikilizwa kwa sababu aliijua hofu yao.

Nitakalo kwa Manono ni daftari lenye safu moja zaidi. Mwalimu anapomwandika mtoto, aulize juu ya chanjo zake, kisha aulize juu ya wadogo zake waliobaki nyumbani, kwani hao ndio walio hatarini zaidi. Majina ya wasio na kadi yapelekwe kwa muuguzi wa kituo, na mtoto aingie darasani siku hiyo hiyo. Septemba, shule zinapofunguliwa, mvua kubwa hazijashuka, na pikipiki bado zinapita njia za Kiambi na Ankoro. Sanduku la barafu na lifike shuleni katika majuma hayo, na mama waambiwe mapema waje na wadogo mgongoni.